Na mbwa katikati ya kakati za Arizona: Phoenix, Superior au Saguaro?

Jibu la mwenye haraka ni hili. Ukitaka kumtembeza mbwa kwenye bustani ya kakati, ile mimea minene ya miiba ya jangwani, huko Arizona, Marekani, mpeleke Boyce Thompson Arboretum, karibu na mji mdogo wa Superior, asubuhi, kati ya Novemba na mwanzoni mwa Machi. Desert Botanical Garden ya Phoenix ndiyo yenye jina kubwa, ila siku za kawaida mbwa haingii. Saguaro National Park, pembeni mwa Tucson, inamruhusu kwenye vijia viwili vifupi tu. Kuanzia Mei hadi Septemba jibu ni moja kwa mahali pote patatu: mbwa abaki nyumbani.

Watu wengi huchagua kwa picha walizoziona mtandaoni, halafu wakifika mlangoni wanarudishwa, au wanaingia na mbwa akarudi na nyayo zilizobabuka. Mambo ya kupima ni manne: kanuni ya mlangoni, ardhi anayoikanyaga mbwa, kivuli, na upana wa njia kati yake na miiba. Uzuri wa bustani kwa macho ya binadamu haumsaidii mbwa kitu.

| | Desert Botanical Garden, Phoenix | Boyce Thompson, Superior | Saguaro, Tucson |
|---|---|---|---|
| Mbwa anaingia? | Siku maalumu tu | Ndiyo, akiwa na kamba | Vijia viwili, barabara na sehemu za pikiniki |
| Urefu wa njia | Hutegemea siku hiyo | Mzunguko mkuu, km 2.4 | Takriban m 400 na m 800 |
| Ardhi | Ngumu, imesakafiwa | Udongo na changarawe, kuna miinuko | Ngumu, imesakafiwa |
| Kivuli | Cha hapa na pale | Kingi, hasa bondeni | Karibu hakuna |
| Mbwa anayefaa | Mtulivu kwenye umati | Mwenye afya na mwendo | Mzee, mdogo, au mwenye mguu mbovu |

Phoenix: bustani bora, nafasi finyu kwa mbwa

Desert Botanical Garden ilianzishwa 1939 ndani ya Papago Park, na eneo lake ni kama hekta 57. Kwa mtu anayependa mimea yenyewe, hakuna pa kuishinda katika hizi tatu: mkusanyiko wake wa kakati na wa jamii ya mikonge ni wa kiwango cha utafiti, na mimea imepangwa kwa namna ambayo hata asiyejua kitu anatoka amejifunza.

Mbwa wa kawaida, hata mdogo wa kubebwa kwenye mkoba, haruhusiwi isipokuwa siku ambazo bustani imezitangaza kuwa za mbwa. Siku hizo hupangwa upya kila msimu, kwa hiyo angalia kalenda yao mwenyewe badala ya kutegemea tangazo la mwaka juzi lililobaki kwenye simu ya rafiki. Mbwa wa huduma, yaani aliyefunzwa kazi maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, huingia siku yoyote kwa sheria ya Marekani. Mbwa wa kumliwaza tu mwenyewe hahesabiwi humo, na fulana iliyonunuliwa mtandaoni haibadilishi hilo.

Je, siku ya mbwa inafaa? Inategemea mbwa kuliko bustani. Njia zinajaa, kamba zinapishana, na pembeni kuna miiba. Mbwa anayebweka akiona mwenzake atarukia upande, na upande huo huenda una mpungate. Anayefaa ni yule anayepita sokoni bila kushtuka. Jike lililo katika siku za kutaka dume na kitoto ambacho hakijamaliza chanjo wabaki nyumbani. Ingia saa ya kwanza ya ufunguzi, kabla umati haujajaa na kabla sakafu haijapata moto.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau. Papago Park yenyewe, nje ya uzio wa bustani, ni ya jiji la Phoenix, na mbwa mwenye kamba anatembea humo. Mkiwa wawili, mmoja aingie bustanini kwa saa moja na nusu, mwingine azunguke na mbwa kwenye miamba myekundu ya nje, kisha mbadilishane. Tiketi mtakata mbili vilevile, lakini kila mmoja ataona bustani kwa raha yake bila kuvutwa. Kumbukeni tu kwamba tangu 2016 Phoenix hairuhusu mbwa kwenye vijia vyake vya milimani joto likifika nyuzi 100 za Fahrenheit, yaani kama 38 za Selsiasi. Na msije mkaona Mlima Camelback uko karibu mkadhani ni mbadala: vijia vyake vya kupandia kileleni vimepigwa marufuku kwa mbwa mwaka mzima.

Superior: hapa ndipo mbwa anatembea kweli

Boyce Thompson ilianzishwa 1924 na William Boyce Thompson, tajiri wa migodi ya shaba, chini ya Mlima Picketpost. Kutoka Phoenix ni mwendo wa kama saa moja kuelekea mashariki kwa barabara ya US 60. Iko mita 730 hivi juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana asubuhi za Desemba na Januari hukuta baridi ambayo Phoenix huioni. Mbwa mwenye manyoya mafupi sana anaweza kutetemeka nusu saa ya kwanza.

Faida yake kubwa ni ardhi. Sehemu kubwa ya mzunguko mkuu ni udongo ulioshindiliwa na changarawe, ambao hauhifadhi joto kama lami au zege. Faida ya pili ni kivuli. Bondeni, kando ya kijito cha Queen Creek, kuna mikaratusi mikubwa kutoka Australia. Mmoja wao, uliopandwa 1926, ni mnene hadi umepewa jina la Mr. Big. Kijito hicho mara nyingi ni kikavu, hivyo usikitegemee kwa maji ya mbwa.

Panga mzunguko kwa akili. Anza na sehemu za wazi, yaani bustani ya kakati na ziwa dogo la Ayer, wakati jua bado la upande, kisha shukia bondeni ili kurudi kwenu kuwe chini ya miti. Wageni wengi hufanya kinyume kwa sababu kivuli kinavutia mwanzoni, na saa nne wanajikuta kwenye uwazi, mbwa ulimi nje. Pale Ayer mbwa asiingie majini wala asinywe. Ziwa hilo linahifadhi samaki wadogo wa jangwani walio hatarini kutoweka, na maji yaliyosimama kwenye joto yanaweza kuota mwani wenye sumu.

Ugumu upo. Sehemu inayopita karibu na jumba la Picket Post ina miinuko, ngazi na miamba. Mbwa mwenye nyonga mbovu au mwenye miguu mifupi ataomba kubebwa. Kijia cha juu, kinachoitwa High Trail, kina mawe zaidi na mimea ya miiba iko karibu zaidi na mguu. Kumbeba mbwa wa kilo 30 kwenye ngazi ni shughuli, kwa hiyo kama una shaka geuzeni pale ziwani. Mwendo wa kawaida wa mzunguko mzima na mbwa anayenusa kila kitu ni saa mbili. Ukiharakisha utaumaliza kwa saa moja na robo, lakini basi ungeenda uwanja wa mpira.

Kabla ya safari piga simu uulize mawili: kama kuna tukio siku hiyo linalozuia mbwa, na kama mbwa anakatiwa tiketi. Kanuni za bustani hubadilika bila kelele.

Saguaro: fupi, safi, haina msamaha

Hii si bustani iliyopandwa. Ni jangwa lenyewe, na saguaro, kakati ndefu kama miti, zimesimama humo kwa maelfu. Imegawanyika pande mbili, na jiji la Tucson liko katikati. Kila upande una kijia kimoja tu kinachomruhusu mbwa: upande wa mashariki Desert Ecology Trail, takriban mita 400, na upande wa magharibi Desert Discovery Trail, takriban mita 800. Vyote vimesakafiwa, vina vibao vya kueleza mimea, na kiti cha magurudumu kinapita. Kwingine mbwa anaruhusiwa barabarani na kwenye baadhi ya sehemu za pikiniki, basi. Kamba isizidi mita 1.8, na ni kosa kumfunga mbwa kwenye nguzo ukaenda zako, hata kama ni kwa dakika tano za msalani.

Kwa mbwa mzee, kwa kitoto kinachofundishwa kamba, au kwa msafiri aliye njiani anayetaka kunyoosha miguu, vijia hivi vinatosha kabisa. Upande wa mashariki mnaweza kumalizia kwa gari kwenye barabara ya mzunguko ya Cactus Forest, kama kilomita 13. Mbwa atanusia dirishani na nyinyi mtaona zaidi kuliko mlivyoona kwa miguu. Kwa mbwa mwenye nguvu ni utani: atamaliza mita 800 kabla hujafunga mkoba.

Mtego mmoja uko upande wa magharibi. Arizona-Sonora Desert Museum iko karibu hapo, ina bustani na wanyama, na kila mgeni huambiwa aunganishe safari. Mbwa haruhusiwi kuingia humo. Familia hufika na mbwa garini, ndipo majadiliano ya nani abaki huanza kwenye maegesho yasiyo na kivuli. Amueni nyumbani.

Sakafu ndiyo inayoamua

Hewa ikiwa nyuzi 25 za Selsiasi, lami iliyo juani inaweza kufika 52. Hewa ikiwa 31, lami inaweza kufika 62. Takwimu hizi ndizo zinazotofautisha Superior na zile nyingine mbili kuliko jambo lolote. Siku moja ya Aprili inaweza kuwa salama kwenye udongo wa Boyce Thompson na ikaunguza kwenye sakafu ya Saguaro. Oktoba pia hudanganya: kalenda inasema majira ya joto yamekwisha, Phoenix haijaambiwa.

Kipimo ni mgongo wa kiganja. Uweke juu ya sakafu, hesabu hadi saba polepole. Ukishindwa, mbwa naye asikanyage. Usipime kivulini penye gari, pima pale mtakapopita. Na upime tena mnapogeuza, maana saa mbili asubuhi na saa tano ni ardhi mbili tofauti.

Viatu vya mbwa husaidia kwa joto, ila si siku ya kwanza. Mbwa aliyevalishwa mara moja hutembea kama anakanyaga kinyesi, halafu huvivua kwa meno. Mzoeze nyumbani wiki mbili, dakika chache kila siku, na uangalie vidoleni kama vimemchubua. Viatu havizuii miiba mirefu.

Maji: kwa mbwa wa kilo 20, beba lita moja na nusu kwa matembezi ya saa mbili, na nyingine ibaki garini. Mpe kidogo kidogo kila baada ya dakika 15 au 20. Ukingoja hadi ahangaike, atagugumia na kutapika. Dalili za kupatwa na joto ni kuhema kusikokoma hata kivulini, ute mzito, ufizi mwekundu sana au uliofifia, na kuyumba. Hapo usianze safari ya kwenda kwa daktari kwanza. Mlowanishe mwili mzima kwa maji ya kawaida ya baridi, mpepee, ndipo mwondoke huku mkiendelea. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Mbwa wa pua fupi, kama bulldog na pug, wapunguzie kila kipimo hapa. Pua ndiyo kiyoyozi chao, na chao ni kidogo. Kwao hata Superior iwe Desemba na Januari, saa moja tu.

Choya, adui wa kwanza

Kakati zote zina miiba, lakini choya ni jambo jingine. Vipande vyake vya mwilini huachana na mmea kwa kuguswa tu, na kila mwiba una vinundu vidogo vinavyoelekea nyuma, kwa hiyo huingia kwa urahisi na kutoka kwa shida. Vipande huanguka chini vyenyewe, na panyabuku wa jangwani huvibeba kujengea viota. Ndiyo sababu mbwa huchomwa katikati ya njia, mahali pasipo na mmea wowote karibu.

Kinachofuata ndicho huharibu siku. Mbwa huinamia mguu na kuuma kile kipande ili akitoe, na sasa kipande kiko kwenye ulimi na ufizi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kichwa, mguu baadaye. Kanyaga kamba karibu na shingo, au mtu wa pili amkumbatie kichwa. Kisha chukua kitana cha chuma chenye meno mapana, kiingize kati ya kipande na ngozi, ukirushe kwa mkupuo mmoja kuelekea pasipo na mtu. Kitaruka mbali, na vidole vyako visiwe njiani. Miiba iliyobaki ivute mmoja mmoja kwa koleo ndogo, ukishika karibu kabisa na ngozi na kufuata mwelekeo ulioingilia. Ukivuta kwa upande utavunjika ndani. Kama kipande kimezama sana, kikate kwanza kwa mkasi ili ubaki na miiba tu. Ukimaliza, mfungue mdomo, angalia ulimi, ufizi, na kati ya kila kidole. Ulio karibu na jicho, au uliovunjikia kwenye kiungo, ni wa daktari wa mifugo.

Mpungate una tabia yake. Pamoja na miiba mikubwa, una vinyweleo vidogo kama vumbi, vinavyojaa mdomoni mbwa akinusa kwa nguvu. Ngozini, utepe wa gundi ukibandikwa na kubanduliwa mara kadhaa huondoa vingi. Mdomoni usijaribu, anahitaji kutulizwa kwa dawa ndipo vitolewe.

Hapa ndipo kamba inapohesabiwa. Kamba ya kujivuta yenye mita tano ni hatari katika mahali pote patatu, kwa sababu mita tano ni tayari ndani ya miti. Tumia ya mita 1.8 iliyo imara, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, na umtembeze katikati ya njia, si ukingoni. Kitana na koleo viwe mfukoni, visibaki garini.

Mimea ya kwetu iliyo na sumu

Bustani hizi zinakusanya mimea ya majangwa ya dunia nzima, hivyo msomaji wa Afrika Mashariki atakutana na sura anazozijua. Mnyaa, ule wa uzio na makaburini, una utomvu mweupe unaochoma macho na kuvimbisha mdomo. Adenium, mmea wa nyika za Kenya na Tanzania wenye shina nene na maua ya waridi, una sumu ya moyo iliyokuwa ikipakwa kwenye mishale. Mshubiri ukitafunwa huleta kutapika na kuharisha. Mkonge na ndugu zake, ambao kwao ni Meksiko, na ulioletwa Tanga kupitia Florida mwaka 1893, hauna sumu kali kiasi hicho, ila ncha ya jani lake iko kwenye kimo cha jicho la mbwa wa wastani.

Wa kuogopwa zaidi si wa kwetu. Cycas, mmea mfupi unaofanana na mnazi mdogo na kupandwa sana kwenye nyumba na hoteli za Phoenix, una mbegu za rangi ya chungwa zinazoharibu ini. Chache tu zinaweza kumuua mbwa. Oleanda, kichaka cha maua chenye sumu, nayo iko kila ua. Kwa kweli hatari hizi mbili mbwa hukutana nazo zaidi kwenye maegesho na mitaani kuliko ndani ya bustani, ambako walinzi wanakodoa macho. Mbwa akimeza, usimtapishe kwa chumvi au mafuta. Piga picha mmea, chukua kipande ndani ya mfuko, mkimbize kwa daktari.

Kuhusu wanyama, chagua msimu na nusu ya kazi imekwisha. Nyoka wenye njuga mkiani hutembea zaidi kati ya Machi na Oktoba. Mbwa akiumwa, mbebe badala ya kumtembeza. Usikate, usinyonye, usifunge mguu kwa kamba. Vyura wakubwa wa jangwa la Sonora hutoka usiku wa mvua za katikati ya mwaka, na mate yenye povu baada ya mbwa kumwuma chura ni dharura: suuza mdomo kwa maji yanayotiririka kutoka ubavuni kwenda nje, yasielekee kooni, dakika kumi, kisha daktari. Havelina, mnyama mwenye sura ya nguruwe, humwona mbwa kama koyote, mbwa mwitu wa huko, na humshambulia. Ukiwaona, geukeni kimya.

Vumbi ni la mwaka mzima. Udongo wa kusini mwa Arizona una kuvu inayosababisha homa ya bonde, na mbwa huivuta puani anapochimba. Wiki moja hadi tatu baadaye akianza kukohoa, kukosa hamu ya kula au kuchechemea, mwambie daktari kwamba alikuwa Arizona, hasa kama mmesharudi jimbo lingine ambako ugonjwa huo haufikiriwi haraka. Hauambukizi kutoka kwa mbwa kwenda kwa mtu.

Kumwacha: chaguo la nne

Gari si mahali pa kumwacha. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 24, ndani ya gari lililofungwa hufika 34 kwa dakika kumi na 43 kwa nusu saa, na kufungua vioo kidogo hakubadilishi mambo. Tangu 2017 sheria ya Arizona inamkinga, kwa masharti, mpita njia anayevunja kioo kumwokoa mnyama aliye hatarini, ikiwemo kuwaita polisi kwanza na kubaki hapo hadi wafike. Kwa hiyo kioo chako kitavunjwa na utakosa wa kumdai.

Nyumbani au hotelini penye kiyoyozi ni sawa kwa saa tatu nne, kwa mbwa aliyezoea upweke. Kwenye vituo vya kulelea mbwa mchana utaombwa cheti cha chanjo: kichaa cha mbwa, ile ya pamoja ya magonjwa ya mbwa, na mara nyingi kikohozi cha vituoni. Bila karatasi hizo hawakupokei, na chanjo ya asubuhi ileile mara nyingi haihesabiwi. Panga wiki kadhaa kabla.

Neno kwa familia zetu zilizoko Phoenix na Tucson, ambazo mara nyingi hutoka pamoja na wazee. Kama bibi au shangazi aliyekuja kutembea ni Mshafii, mate ya mbwa kwake ni najisi, na siku ya mbwa kule Desert Botanical Garden itamkosesha raha kila hatua. Mpelekeni siku ya kawaida. Kwake kanuni ya kukataza mbwa ni faida. Mkienda wote Superior, mbwa awe na bakuli lake, maji yake kwenye chupa yake, na atembee mbele na kijana mmoja, wazee nyuma. Garini mbwa awe sehemu ya mizigo, juu ya shuka lake, mbali na mikeka ya kuswalia na vyakula.

Hatimaye kuna mbwa ambao hakuna bustani yoyote kati ya hizi inayowafaa, msimu wowote: anayemeza kila kilicho chini, anayevuta kamba hadi mkono unachoka, na dume anayeinua mguu kila baada ya hatua tatu. Huyo wa mwisho huiharibu bustani yenyewe. Mkojo una chumvi na naitrojeni, kila dume huweka alama juu ya alama ya mwenzake, na mche wa kakati ulio ukingoni mwa njia, wa ukubwa wa ngumi na wenye miaka mingi, huoza taratibu kwenye shina. Mkojoze mara mbili nje ya lango, kwenye mawe ya maegesho, kabla hamjakata tiketi.